Muulize Mjomba Brashi: Krimu Mbili, Sebule Moja

*Shikamoo Mjomba Brashi. Sebule yangu niliipiga rangi ya krimu, ikaisha ukuta wa mwisho ukiwa nusu. Dukani ile kampuni ya mwanzo ilikuwa imekwisha, nikachukua krimu ya kampuni nyingine. Sasa juu ya kochi pana mstari: huku krimu inaelekea pinki, kule inaelekea kijani. Mama mkwe anakuja. Picha nimekutumia. Nifanyeje? – Mama Krimu, Ruhembe*

Marahaba, mpwa wangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi kabla ya kumwita tena fundi, maana fundi atakuambia upige mkono wa tatu, na huo mkono wa tatu ndio ada ya shule ya mwanawe. Mimi hela yako siitaki. Ninachotaka ni ujue, na majirani zako wajue, kwamba kuanzia Mikumi hadi Kidodi hajazaliwa wa kunizidi kusoma rangi. Wenzangu huonja mchuzi, mimi naonja ukuta. Nikiulamba mara moja tu nakutajia kampuni, mwaka, na ndoo ngapi za maji fundi aliongeza wakati umekwenda kumtengea chai.

Wewe usilambe. Rangi za mafuta za zamani, zile za milango na madirisha, nyingi zilitiwa madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto bila kubisha hodi. Ukikwangua mlango wa zamani, lowesha msasa, watoto wawe nje, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholoa, lisifagiliwe. Mimi ulimi wangu umezoea.

Sasa picha yako. Nimeitazama asubuhi, nikaitazama mchana, nikaivalia miwani. Mstari sijauona. Pinki sijaiona, kijani sijakiona. Naona ukuta mmoja mzuri na kochi. Bila shaka ni simu yako.

Kuhusu macho yangu, maana najua kuna wapwa watakaoanza kunong'ona, acha niyaseme mwenyewe. Kuna kitabu cha vidoti alichokitunga daktari wa Kijapani, Shinobu Ishihara, kikatoka mwaka 1917. Kila ukurasa una duara la madoa ya rangi, na katikati ya madoa imefichwa namba. Nikiwa kijana niliomba kazi kwa mwajiri mmoja ambaye jina lake nalisitiri, wakanifunulia ukurasa. Mpimaji akasema hapo pana 74. Mimi nikasoma 21, wazi kabisa, hata bila kukodoa. Nikamweleza kwa adabu kwamba kitabu chake kimechapwa vibaya. Kazi wakaninyima, wivu huo. Baadaye nikaja kusikia eti wasiotofautisha nyekundu na kijani ndio wanaosoma 21 mahali pa 74, nikawahurumia sana watu hao. Eti wengi ni wanaume, kwa sababu kasoro yenyewe husafiri kwenye kromosomu ya X, na mtoto wa kiume X yake huipata kwa mama peke yake. Ndiyo maana mara nyingi huonekana kwa mjomba, ikaonekana tena kwa mpwa. Kwetu haipo. Mjomba wangu mimi, mkulima hodari, alikuwa akichuma nyanya kwa kuzibonyeza moja moja. Kuziangalia hakuhitaji.

Tuendelee. Kosa lako, mpwa, ni kuamini jina. Umesoma krimu kwenye kopo la kwanza, ukasoma krimu kwenye kopo la pili, ukadhani wenye viwanda walikaa kikao. Hawakukaa. Pale Kidatu, reli mbili zinapokutana, kwani hukuona? Reli inayotoka Kilosa kupitia Mikumi ina upana wa milimita 1,000, reli ya TAZARA ina 1,067. Tofauti ni milimita 67, kiganja hakijai, lakini mzigo hauendi upande wa pili mpaka ushushwe na kupakiwa upya. Zote zinaitwa reli. Kila aliyejenga alikuja na rula yake, na kila anayepika rangi ana mapishi yake: unga mweupe wa titani kiasi chake, beisi yake, halafu matone ya njano, nyekundu na nyeusi. Mmoja akizidisha chembe ya nyekundu, krimu inakwenda pinki. Mwingine akiikoza njano yake kwa nyeusi, inakwenda kijani. Namba zilizo kwenye kadi ya rangi ni za mwenye kadi tu. Wajerumani waliona adha hiyo mapema, wakaanzisha orodha ya RAL mwaka 1927 kwa rangi 40, ili mtu aseme namba na kila kiwanda kiitii. Lakini krimu yako uliichagua kwa kidole, ukisema "ile pale". RAL haina namba ya ile pale.

Hata kampuni moja haikai jina moja. Mwaka 2017 Kansai ya Japani ilinunua biashara iliyokuwa ikiuza Sadolin huku kwetu Afrika Mashariki, makopo yakaanza kuja yameandikwa Plascon. Nilimjua mzee aliyekataa katakata kununua, akidai rangi yake imeolewa. Nilimtuliza mimi. Watu wengi nimewatuliza, ila nafasi ya kuwataja haitoshi.

Dawa ya kwanza, ambayo ni yangu na sijaisikia kwa mwingine: mpokee mama mkwe usiku. Najua kuomba giza ukiwa jirani na mtambo wa Kidatu wenye megawati 204 ni makuu, lakini washa taa moja tu, ile ya upande wa chakula. Hapo lakini pana mtego, na ni wachache wanaoujua, mmoja wao akiwa mimi. Rangi mbili zilizochanganywa kwa unga tofauti zinaweza kulingana kabisa kwenye jua na kuachana vibaya chini ya taa ya LED, au kinyume chake. Kwa hiyo rangi haipimwi dukani chini ya taa ya muuzaji. Paka kwenye kipande cha boksi, mikono miwili, kiache mpaka kesho yake, kwa kuwa rangi ya maji ikikauka hubadilika. Kisha kiegemeze ukutani saa sita mchana karibu na dirisha, na tena saa mbili usiku. Na usichanganye rangi inayong'aa na isiyong'aa. Hata zikitoka pipa moja, mwanga wa dirishani utazitenganisha.

Dawa ya pili: mlishe. Mtu mwenye kuku mapajani haangalii kuta. Mkalishe kwenye kochi lenyewe, mstari ubaki kisogoni mwake, na akitaka kugeuka mwongezee ndizi.

Dawa ya tatu ndiyo ya mashine, naitaja kwa shingo upande kwa sababu inaninyang'anya kazi. Maduka makubwa ya mjini, Morogoro kwa mfano, yana kifaa cha kusoma rangi: hutupa mwanga juu ya kipande, hupima mwanga uliorudi, kisha kompyuta inaandika matone mangapi ya nini. Wewe bandua gamba la rangi yako ya kwanza, bapa, lisilopungua kiberiti kwa ukubwa. Libandue nyuma ya kabati, sio juu ya dirisha. Nasema hivi kwa sababu nawajua watu wa Ruhembe. Msimu wa miwa ukifika mnachoma mashamba kabla ya kukata, yale masizi meusi yanaruka hadi sebuleni, yanakaa ukutani kimya kimya. Mashine haina akili kama mimi. Ukiipelekea gamba lenye masizi, itakuchanganyia kwa uaminifu mkubwa galoni zima la rangi ya masizi. Futa gamba kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, likauke. Wakikupa galoni lako, ile karatasi ya kipimo iliyobandikwa kwenye kifuniko itunze pamoja na hati ya kiwanja.

Na mbona rangi iliisha? Usinijibu, nitakujibu mwenyewe. Sebule ya meta 4 kwa 5, ukuta wa meta 3 kwenda juu, inatoa meta za mraba 54. Toa milango na madirisha, zinabaki kama 46. Mikono miwili, 92. Lita moja juu ya ukuta uliolainishwa hufunika meta za mraba 10, ikijitahidi 12. Galoni ni lita 4. Ulinunua magaloni mawili, sivyo? Nilijua. Hesabu hii nimeifanya kichwani huku nikizungumza na mtu kwenye simu.

Naambiwa nafasi imekwisha, nami hata sijakueleza jinsi nilivyookoa kanisa moja na msikiti mmoja wiki ileile. Basi haraka: usihangaike kuzilinganisha krimu mbili katikati ya ukuta, hata mashine haitakupa uhakika huo. Chukua rangi ya kutosha ukuta mzima wa kochi, iwe ile iliyosomwa na mashine au hata kijani cha mgomba, uipige kona hadi kona. Kwenye kona kuta mbili hazipati mwanga sawa, jicho husamehe. Makopo yakiwa zaidi ya moja, yamimine yote kwenye ndoo moja ya lita 20 na ukoroge kabla brashi haijagusa kitu. Kitakachobaki kifunike vizuri ukifiche, fundi asijue. Mama mkwe akisifia ukuta, mtajie jina langu. Akinuna, mtajie la fundi.