Mchwa Hawaulizi Bei

Kihurio ni mahali ambapo mtu hufuta meza asubuhi, na ikifika jioni mtoto ameshaandika jina lake juu yake kwa kidole. Kata hii ya Wilaya ya Same imekaa tambarare, Milima ya Pare Kusini upande mmoja, nyika ya Mkomazi upande wa pili. Kule juu Shengena, karibu mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, kuna ukungu na msitu unaochuruzika maji. Huku chini jua ndilo mwenyeji. Mjini Same mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600, na hata mpunga wa Ndungu, hapo jirani, hutegemea maji ya mfereji yanayoshuka kutoka mlimani. Mtu mwenye akili zake timamu hawezi kufungua duka la vitu vya kale hapa.

Mzee mmoja mstaafu alifungua.

Alirudi kutoka Dar es Salaam na shehena iliyowatoa majirani nje: kabati la mninga, sanduku la Zanzibar lenye njumu za shaba, karabai, chemli, redio ya National ya mbao, cherehani ya Singer ya kuzungusha kwa mkono, kinu cha kutwangia, mlango wa kuchongwa na furushi la santuri. Hesabu yake ilikuwa watalii. Wanaokuja Mkomazi kutazama faru weusi na mbwa mwitu, alisema, hawakosi mia mbili tatu za ukumbusho. Kwamba lango la hifadhi, Zange, liko jirani na mji wa Same, mbali kabisa na Kihurio, alilijua vizuri. Lakini kodi ya fremu ilikuwa nafuu, na kwa Mpare hiyo ni hoja nzito.

Majeruhi wa kwanza alikuwa sanduku. Usiku mmoja wa kiangazi fremu ililia "pwaa!" na mzee akatoka na panga, akijua mwizi ameingia. Hakukuta mtu. Mfuniko wa sanduku ulikuwa umepasuka kutoka bawaba hadi kufuli. Sanduku lile lilizaliwa na kuzeekea pwani, kwenye hewa iliyojaa unyevu, na mbao haziachi kunywa na kutoa maji hata kama zilikatwa karne nzima iliyopita. Zikikauka husinyaa kwa upana, urefu ukibaki karibu vilevile. Shaba na misumari havisinyai. Basi ubao ukawa unavutwa huku umepigiliwa, hadi ukashindwa.

Mzee akasoma kwamba makumbusho nyingi hujitahidi kuweka unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 60. Hana mtambo, ana mabeseni. Akayajaza maji, akayapanga chini ya rafu. Waliofika kwanza ni kuku wa jirani, na baada ya kunywa walipanda kupumzika juu ya santuri. Wakafuata mbu. Dada wa kibanda cha chipsi akaja mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uangalie."

"Nimeshaangalia. Hao mbu wako ni wa zamani pia, au hao unawafuga?"

Santuri moja ilikutwa imevunjika, na kwa siku kadhaa kulikuwa na mazungumzo ya kupeleka suala la kuku Baraza la Kata. Tanzania nzima inao utani wa Mpare aliyeuza ng'ombe ili agharamie kesi ya kuku. Nusura mzee auze kabati. Kilichomzuia ni mgeni mwingine. Mchwa wanaotoka ardhini wanahitaji unyevu ili waishi, na sakafu iliyolowa chini ya mabeseni iliwafaa kuliko nyika yote iliyo nje. Asubuhi moja njia yao ya udongo ilikuwa imepanda ukutani, imevuka rafu, imefika mgongoni mwa redio. Redio ilikuwa na kibandiko cha bei. Hawakukisoma, walikila.

Mabeseni yakaondolewa. Mwanawe aliyeko Arusha akamweleza kwa simu habari za Misri: kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, viti na vitanda vya mbao vilikutwa vizima baada ya zaidi ya miaka 3,200, jangwani, bila beseni hata moja. Ukavu peke yake si adui. Kinachovunja mbao ni hewa kubadilikabadilika, leo kavu kesho mbichi, na kaburi lililofungwa halina kesho. Shida ilianza vitu vilipotolewa nje, na mkemia Alfred Lucas akalazimika kuvipaka nta ya parafini iliyoyeyushwa ili visimomonyoke mikononi.

Nta! Pare ina mizinga ya nyuki, na nta ni rahisi kuipata. Mzee aliyeyusha, akapaka kabati lote tabaka nene, likang'aa hata akajiona usoni. Mchana upepo wa Mkomazi ulivuma. Kwenye joto la Kihurio nta nene hulainika ikanata, na vumbi la nyika halichagui pa kutua. Jioni kabati lilikuwa na ngozi ya msasa. Alipolisugua kwa kitambaa kikavu, chembe za mchanga zikachora mistari kila mkono ulipopita. Watunzaji wa makumbusho huanza na brashi laini, vumbi likatoka kabla kitambaa hakijagusa kitu, na nta hupakwa nyembamba mno kisha ikafutwa. Hayo mwanawe aliyasema pia. Mzee alikuwa ameshakata simu, salio lisiishe.

Santuri zilizosalia alizipanga dirishani ili mpita njia amwone Salum Abdallah wa Cuban Marimba, yule wa Morogoro aliyefariki mwaka 1965. Vinili hailiwezi jua la nyuma ya kioo. Baada ya mchana mmoja zilikuwa zimejikunja kingo, na ilipochezwa moja, sindano ilipanda na kushuka vilima, sauti ikiyumba nayo. Wazee waliokuja kusikiliza walivumilia upande mmoja, wakaaga kwa heshima.

Kwa kuwa wateja hawakuja, kona ya nyuma ilipangishwa kwa mfanyabiashara wa mahindi. Humo ndimo alimoingilia dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Miaka ya 1980 ilipoanza alikuwa ameshafika Tabora, na wakulima wakampa jina la Scania, kwa malori yaliyosadikiwa kumleta. Wengi humjua kwa mahindi na mihogo mikavu, lakini meno yake yanaweza mbao vilevile. Kila alfajiri mzee alifagia unga mweupe chini ya fremu ya mlango wake wa kuchongwa, akilaumu upepo. Siku alipoinama na tochi aliona matundu ya duara, madogo, safi, na kutoka tundu moja unga ulikuwa bado unamwagika.

Mlango huo una kesi nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa nchini kabla ya mwaka 1940, na kuzipeleka nje kunahitaji kibali. Mgeni mmoja aliyepotea njia aliuliza kwa adabu mlango ni wa lini. Akijibu kabla ya 1940, kinadaiwa kibali. Akijibu baada, bei inaanguka. Mzee aliomba muda wa kutafakari, na mgeni akapata njia.

Kitu kimoja tu hakikumpa usumbufu: cherehani. Chuma ambacho Tanga kingeoza kwa chumvi ya bahari hapa hakipati kutu, na matone ya mafuta ya mashine yanaitosha. Kinu nacho kilipasuka, ingawa hakuna mdudu aliyekigusa wala jua lililokifikia. Bibi wa nyumba ya pili alikigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Mwanangu, hiki ulikiacha bila kutwanga?"

"Ni cha kuuza, mama."

"Changu nilikikuta kwa mama mkwe. Kila siku kinakunywa mafuta ya karanga. Usiku kinalala jikoni, kwenye moshi, dudu gani litakuja? Wewe umekifunga njaa."

Akamshauri pia juu ya mchwa: kabati lisimame ndani ya makopo yenye oili chafu, kila mguu na kopo lake. Mzee akatafuta makopo manne ya zamani ya kahawa ya Africafé, akayajaza oili ya gereji. Mchwa wakakoma.

Mteja wa kweli alikuja mwezi uliofuata, mwanamke wa mjini Same anayepamba mgahawa wake. Alipita sanduku, akapita redio isiyo na mgongo, akachuchumaa mbele ya kabati kwa muda mrefu.

"Mzee, hili unauza?"

Mzee akaanza historia ya mninga.

"Siyo kabati. Haya makopo. Ni ya Africafé ya zamani kabisa, hayapatikani. Yote manne bei gani?"

Alitaja bei. Mama yule hakupunguza hata shilingi. Mzee akaomba tu ampe dakika chache, akatoka nje kutafuta mawe manne yanayolingana.