Aka! Mnaingiaje Uwanjani na Miguu Imelala?

Wana kijiwe, nisogezeeni kigoda, na hiyo kahawa usiijaze sana. Natoka uwanjani sasa hivi na roho inaniuma.

Bonanza la maveterani. Saa moja asubuhi, baridi ya Juni hii mnayoijua, mji wetu wa Tabora uko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Watu wazima, wenye miaka arobaini, hamsini, wameshuka kwenye bodaboda, wamevaa jezi, wamepiga picha ya pamoja, filimbi ikalia. Dakika ya tatu winga wetu wa kulia, mwalimu, baba wa watoto wanne, katanguliziwa mpira mrefu. Kachomoka. Hatua ya tano kashika paja kwa nyuma, kageuka kutazama nani kampiga jiwe. Hakuna mtu. Tumembeba wanne.

Msyuuu! Halafu mtu mzima kabisa anasimama pembeni anasema mwenzetu kachezewa.

Ndugu zangu, hakuchezewa mtu. Nyama ya nyuma ya paja ilikuwa imelala, ikaamshwa kwa kofi. Mmewahi kumimina asali yetu asubuhi ya Julai? Unainamisha chupa, unangoja, asali inakuangalia tu. Iweke juani kidogo, inashuka yenyewe. Msuli wa baridi ndivyo ulivyo: mzito, unagoma kurefuka. Na kuna jambo jingine juu ya ubaridi. Ndani ya msuli mna nyuzi nyembamba zinazopishana, na mtu akikaa muda mrefu bila kujinyoosha, baadhi yake hushikana. Kama uji uliolala kwenye sufuria: ukiukoroga unalegea, ukiuacha unaganda tena. Ndiyo maana ukiamka unatembea kama mlingoti, ukizunguka ua mara mbili unakuwa binadamu.

Kwenye viungo ni vivyo hivyo. Goti lina ute wake, unafanana na ute wa yai, na ute huo huwa mwepesi kadiri kiungo kinavyochezeshwa na kupata joto. Watafiti wawili, Johns na Wright, waliwahi kupima ukakamavu wa kiungo unatoka wapi. Walitumia kifundo cha mguu wa mbele wa paka, wakatoa majibu mwaka 1962: kifuko kinachozunguka kiungo asilimia 47, misuli 41, kano 10, ngozi 2. Kwa hiyo mtu akisema "mimi nimekakamaa", karibu nusu ya neno hilo iko kwenye kifuko cha kiungo, na iliyobaki sehemu kubwa ni nyama. Mfupa haukuhesabiwa. Nyie mnasingizia mifupa kila siku!

Naona dogo wa bodaboda unatikisa kichwa. Unasema jua la Tabora linatosha, ya nini kupasha. Hapana, mdogo wangu. Jua linachoma ngozi. Joto tunalolitaka linatengenezwa na msuli wenyewe ukifanya kazi. Nguvu inayotumika humo, takriban robo tatu hutoka kama joto. Ukikimbia polepole, dakika tatu hadi tano za mwanzo joto la msuli linapanda haraka, na kufika dakika ya kumi au ishirini linatulia. Kukaa kwenye kibaraza juani ukicheza bao hakufanyi kazi hiyo. Na ukishapasha, usirudi kukaa robo saa ukipiga soga, maana joto linaondoka na unaanza upya.

Mzee wangu, shikamoo tena, hapo umenikatiza vizuri. Unasema enzi zenu mlicheza bila mambo haya na hamkuchanika. Lakini mlikwendaje uwanjani, mzee? Kwa miguu. Kutoka Ipuli, kutoka Kwihara, njia nzima mnafukuzana na mpira wa makaratasi, mnaruka mitaro. Mkifika, jasho limeshatoka. Huko ndiko kulikokuwa kupasha, ila hamkukupa jina. Sisi leo tunashushwa na pikipiki mlangoni mwa uwanja, goti limekunjwa njia nzima, tunaingia moja kwa moja kwenye mechi. Tumeondoa ile safari na hatujaweka kitu mahali pake.

Na nikitaja Kwihara najichokoza mwenyewe. Watu wanakwenda kutazama lile tembe alimokaa msafiri Livingstone mwaka 1872, wanapiga picha kuta. Mimi nikifika pale nawaza miguu. Miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi, babu zetu, waliobeba pembe na vitambaa begani, mzigo wa kama kilo 32, kati ya hapa na Bagamoyo, kilomita 800 na ushei. Kisha mtazameni msafara ulivyoanza. Msafiri mwingine, Stanley, alipotoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, kambi yake ya kwanza ilikuwa Shamba Gonera, mwendo wa saa moja na nusu tu. Wasafiri Burton na Speke nao, mwaka 1857, walipotoka Kaole walipiga kambi karibu kabisa. Ndiyo ilikuwa desturi ya njia ile: siku ya kwanza unatoka mjini, unatua mzigo kabla hujachoka.

Sababu yao ilikuwa kungoja waliochelewa, kukumbuka kilichosahaulika, kufunga mizigo upya. Sitawapaka mafuta nikasema walikuwa wanapasha misuli. Lakini bega lilipata siku yake ya kuujua mzigo, kifundo kikapata siku yake ya kuijua njia. Watu waliokuwa na miezi mbele yao hawakuona haya kuanza na saa moja na nusu. Sisi tuna dakika tisini, tunazionea uchungu dakika kumi! Aaa, inauma.

Kuna aliyenitajia John Stephen Akhwari hapo, kwamba alimaliza maratoni ya Mexico mwaka 1968 na mguu umefungwa bandeji, kwa hiyo mwanaume havunjiki. Tafadhali. Akhwari alikuwa mkimbiaji aliyejiandaa, akaanguka njiani, akaumia goti, akamaliza. Ushujaa wake nauvulia kofia. Mwalimu wetu hakuanguka.

Sasa dogo, njoo hapa. Nilikuona juzi kabla ya mechi ya ndondo umeweka mguu juu ya ukuta, umeinama, unahesabu mpaka mia. Nani alikufundisha? Kunyoosha si kupasha. Msuli wa baridi ukiuvuta na kuushikilia zaidi ya dakika nzima, kisha ukakimbia papo hapo, nguvu yake inapungua kidogo. Ule mvuto weka baada ya mechi, umekaa, umetulia. Kabla ya mechi anza na mbio za taratibu mpaka jasho lichungulie. Kisha zungusha nyonga, inua magoti, rusha mguu mbele na nyuma, chuchumaa na kuinuka, simama kwa mguu mmoja, malizia na mbio fupi mbili tatu za kasi. FIFA wana mpango wao wa namna hiyo wa dakika 20, hautaki vifaa zaidi ya mpira. Waliujaribu Lagos kwenye ligi ya vijana, wachezaji 416, matokeo yakatoka mwaka 2014: kundi lililoufuata liliumia pungufu kwa asilimia 41. Lagos hiyo, jamani!

Na msidhani nasema mpira peke yake. Wale vijana pale stesheni, treni ikiingia, mtu amelala juu ya mkokoteni tangu usiku, anakurupuka, anainama, anabeba gunia la mchele. Kiuno kile ndicho kinachomlisha mama yake. Nawaangalia, naumia.

Haya, mzee, unataka kuondoka na gunia lako la karanga? Umekaa hapo kwenye bao tangu saa mbili. Usiliinue kwanza. Kete zako hakuna atakayezigusa. Nenda taratibu mpaka mwembe wa pili, zungusha mabega ukiwa unatembea, urudi hapa. Dogo, mshikie fimbo. Akirudi, tumtwishe wawili.