Sifa za Kuamka Bure

Mafundi wa mifumo ya kompyuta hawana aibu kubwa kuliko kuamka bure. Uzi, yaani mkondo mmoja wa programu inayotekelezwa, umejilalia kwenye foleni ndani ya kiini cha mfumo, ukisubiri data kutoka diski. Unagutushwa, unapewa prosesa, unafumbua macho: data haijafika, wala aliyeuita haonekani. Unarudi kulala. Nishati imekwenda, muda umekwenda. Kila mtaalamu anayejiheshimu huulaani mchezo huu, nami nimesimama kuusifu, maana wanaoulaani wote wanakula jasho lake.

Nasaba yake si ya kubeza. Kwenye Unix ya miaka ya 1970, mchakato ulilala kwa kutaja anwani fulani ya kumbukumbu, na mwito mmoja uliwaamsha wote waliolalia anwani hiyo, wahusika na wasiohusika. Kila mmoja aliinuka akajiangalizia; aliyepata alipata, waliokosa walivuta shuka tena. Mwaka 1974 Tony Hoare, mtu nadhifu sana, akaleta ustaarabu: anayeamshwa akabidhiwe zamu papo hapo, akiwa na hakika kwamba anachosubiri kipo. Vizuri mno, ila mwamshaji alipaswa kusimamisha shughuli zake ampishe mgeni. Kufikia 1980 Butler Lampson na David Redell, wakieleza lugha ya Mesa ya Xerox, walikwisha kuuona mwito kuwa fununu tu. Umesikia umeitwa? Kaangalie mwenyewe. POSIX na Java zikafuata mkondo huohuo, na tangu hapo anayesubiri kwa if, akiangalia mara moja tu, ni mwanagenzi; anayesubiri kwa while, akirudia kuangalia kila aamkapo, ni fundi. Ni mwalimu gani mwingine aliyefundisha dunia nzima kutoamini maneno ya kuambiwa?

Tena tumtazame hasimu wake, usingizi wa pono. Uzi unaangalia kama kazi ipo, unakuta haipo, unajiandaa kulala. Katika upenyo huohuo kazi inaingia. Mwamshaji anachungulia foleni, haoni aliyelala, anakwenda zake. Uzi sasa unalala, na hautaamshwa na mtu. Ndiyo maana kwenye Linux utaratibu umepinduliwa: uzi hujiandikisha kwanza kwenye foleni, hujitangaza kuwa umelala ungali macho, kisha huangalia mara ya mwisho, ndipo uachie prosesa. Utaratibu huo una gharama yake, kwamba mara mojamoja uzi utaitwa kwa jambo lililokwisha kumalizwa. Nani asiyeilipa gharama hiyo, akikumbuka mashine iliyoganda huku haina kosa lolote la kuonyesha?

Sikatai kwamba mheshimiwa wetu amewahi kuzidisha. Seva za wavuti zilikuwa na michakato mingi inayongoja mlango mmoja. Ulipobishwa hodi mara moja, wote walikurupuka kama bodaboda wanaomwona abiria mmoja akishuka basi, na mmoja tu akapata nauli. Linux 2.4 ya mwaka 2001 ikaweka kusubiri kwa upekee ili aamshwe mmoja, na mwaka 2016 toleo la 4.5 likaiongezea epoll, njia ya Linux ya kungojea milango mingi kwa pamoja, chaguo la EPOLLEXCLUSIVE lenye nia hiyohiyo. Hata binamu yake, anayeiamsha prosesa iliyopumzika, hakusalimika: mwaka 2007 Intel ilitoa PowerTOP, chombo cha umbea ambacho kazi yake ni kuzitaja programu zinazomaliza betri kwa vurugu hizo.

Lakini uchoyo nao una yake. Ukimwamsha mmoja tu, na huyo mmoja akawa anauawa kwa ishara dakika ileile, mwito unazikwa naye. Kazi iko mlangoni na wenzake wanakoroma. Kwa hiyo msimbo wa Linux una tahadhari maalumu: anayesubiri kwa upekee akijiwa na ishara aondolewe kwanza foleni, asije akachaguliwa. Na wait_event, amri ya kusubiri ndani ya kiini cha Linux, inayotumiwa na haohao wanaomtukana mheshimiwa, ukiifungua ndani utakuta kitanzi kilekile: angalia, lala, angalia.