Desa Nalo Livishwe Kilemba

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hofu hiyo watu wengi wamenyamaza, hawalisifu desa. Mimi sioni cha kuogopa. Desa lilishatiwa maji zamani: ni kopi ya kopi ya kopi, na kila mashine iliyolipitisha ilinywa wino kidogo, hadi kurasa za mwisho inabidi uzielekeze juani kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi. Halina tena cha kuharibika. Tulisifu tu.

Kwa msomaji aliyepata kazi zamani, kabla mambo hayajabana, desa ninalolisema ni lile bunda la karatasi lenye kichwa cha herufi kubwa, MASWALI YA USAILI SERIKALINI NA MAJIBU YAKE, ambalo kijana wa Kitanzania hulikimbilia steshenari siku ileile anapoliona jina lake kwenye tangazo la kuitwa usailini. Halina mwandishi, halina mchapaji, halina mwaka. Langu nililinunua shilingi elfu tano karibu na stendi, na muuzaji akaniapia kwamba ni jipya, limetoka wiki ile. Ndani yake Tanzania ilikuwa na mikoa 30. Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, ulikuwa bado tumboni mwa Mbeya.

Mwenye haraka ataiita hiyo kasoro; mimi naiita kumbukumbu. Swali la waziri mwenye dhamana ya utumishi wa umma lilikuwa limejibiwa kwa chapa: Kairuki. Mwandiko wa kwanza ulimkata ukaandika Mkuchika. Mwandiko wa pili, wa kulalia kushoto, ukaweka Mchengerwa. Wa tatu ukamleta Mhagama. Yote hayo yalikuwa yameingia kwenye kopi pamoja na mikato yake, na mimi nikamchomeka Simbachawene pembeni kwa kalamu yangu, mahali palipobaki nafasi ya jina moja. Mawaziri wamepita, swali limekaa. Nikiitazama ile miandiko mitatu nawafikiria wenyewe: ama walipata kazi wakaliachia desa, ama walikata tamaa wakaliachia desa. Hakuna alama inayotofautisha.

Na linavyoandikwa ni ajabu nyingine. Wasailiwa wakitoka ukumbini, kabla hawajanywa hata maji, wanazifuata simu walizoziacha kwenye mabegi na kuanza kukumbuka. Mmoja amekamata swali la kwanza, mwingine la mwisho. Wa tatu analikumbuka jibu vizuri sana ila swali limemtoka. Ikifika jioni vipande vyote vimeunganishwa kwenye kundi la WhatsApp, kesho yake viko steshenari vimebanwa pini. Bibi zetu walizihifadhi ngano kwa njia hiyohiyo, na kila msimuliaji alitia chumvi yake. Ndiyo maana sungura wa desa langu alikuwa OPRAS. Kurasa tatu nzima nilizikariri za namna ya kumpima mtumishi kwa OPRAS, ilhali serikali ilishahamia PEPMIS. Nilizikariri vizuri lakini. Hata ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia.

Wapo watakaobeza kwamba karatasi ya elfu tano haiwezi kumfaa mtu. Hao hawajawahi kukaa nyumbani na shahada. Kijana anayeshinda barazani mikono mitupu ni mzururaji, na mtaa mzima una haki ya kumtuma dukani. Kijana huyohuyo, barazani palepale, akiwa na desa mapajani, ni mtahiniwa. Jirani akiuliza, "Kijana, mbona kila siku upo?" atajibiwa, "Najiandaa na usaili, mzee," na mzee atapunguza sauti ya redio. Mama akipiga simu kutoka kijijini, "Vipi mwanangu, mambo ya kazi?" jibu ni lilelile, na mama ataendelea kuomba dua badala ya kulia. Nimeishi kwa shemeji yangu Nkuhungu, Dodoma, miezi minne kwa kinga ya sentensi hiyo. Mwezi wa tano shemeji alianza kuniuliza huo usaili ni lini hasa. Nikamfungulia ukurasa wa OPRAS.

Lakini utukufu wake mkubwa uko kwenye usawa. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipoita watu kwa ajili ya nafasi 70, hakuna ukumbi uliotosha. Wasailiwa zaidi ya elfu kumi walikalishwa Uwanja wa Taifa, kwenye viti vya mashabiki, bila mpira. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yakapita 135,000. Ukigawanya utapata watu kama 84 wanaogombea kiti kimoja. Mwenye kujua hesabu angefunga daftari akaenda kukaanga chipsi. Desa, kwa huruma zake, halina ukurasa wa hesabu hiyo. Na wote 84 wanalo desa hilohilo! Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa muuza dagaa wanalikosa swali lilelile kwa jibu lilelile. Nitajieni kitu kingine katika nchi hii kilichogawanywa sawasawa namna hiyo.

(Tusijidanganye kwamba tumelivumbua sisi. Wachina walifanya mitihani ya kuingia utumishi kwa takriban miaka 1,300, hadi ilipofutwa mwaka 1905, na wajanja wao waliandika majibu kwa herufi ndogo kwenye nguo za ndani. Desa la kuvaa. Steshenari zetu bado hazijafika huko.)

Desa lina uvumilivu pia, ambao matangazo hayana. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Mwenye desa anastaafu mapema zaidi: tangazo hutaka mwombaji asizidi miaka 45. Hapo katikati unaweza kufaulu mchujo usichaguliwe, ukachaguliwa ukashindwa mahojiano, ukafaulu na mahojiano ukawekwa kwenye kanzidata kusubiri nafasi itokee, ukasubiri hadi muda wa kanzidata nao ukaisha. Kila ukirudi, desa lipo chini ya godoro ulipoliacha. Haliulizi ilikuwaje.

Sasa nitalitetea kwa jambo moja ambalo wasiolipenda hulirukia. Langu lilikuwa halina ukurasa wa 23. Kutoka 22 unaingia 24. Sikuhangaika, mpaka nilipogundua kwamba swali la 41, linalotaka tofauti kati ya kusimamishwa kazi na kuachishwa kazi, lilikuwa limejibiwa kwa maneno matatu: tazama ukurasa 23. Ni swali zuri la kumuuliza mtu ambaye hajawahi kuajiriwa. Nikarudi kwa muuzaji. Akafungua nakala zake zote, na zote zilitoka 22 zikaingia 24. Akaniambia kwa upole, "Kaka, hilo halitokagi."

Likatoka. Taasisi siitaji. Nilikaa nimelikodolea macho, nikageuza kichwa kidogo kulia, nikamwona dada mmoja naye amelikodolea; na kushoto vilevile. Ukumbi mzima ulikuwa umefika ukurasa wa 23. Nikaandika kwamba anayesimamishwa anasimama na anayeachishwa anaondoka, nikapiga mstari kwa rula, nikaenda swali lililofuata.

Jioni kwenye kundi, kama ilivyo ada, nikalituma swali langu ili liwafae wa mwaka ujao. Kabla sijaweka simu chini, mtu nisiyemjua akanijibu kwa uhakika kabisa kwamba jibu lake lipo kwenye desa, ukurasa wa 23. Watu 60 wakamwekea kidole gumba.

Msomaji, kama lako unalo hadi leo, livute kutoka chini ya godoro ulihesabu. Mwenye ukurasa wa 23 tafadhali aupige picha autume. Usaili mwingine ni Jumamosi.