Gwiji Asiye na Gitaa

Kijana wa jirani yangu alinijia jioni moja, gitaa mgongoni, akaniamkia vizuri, akakaa kwenye ngazi na kusema, "Mzee, nataka kuwa mwanamuziki mkubwa. Nianzie wapi?"

Nikalitazama lile gitaa. Jipya, nyuzi zote sita zipo, karatasi ya bei bado inaning'inia shingoni. "La nani?" nikamuuliza. "Langu, mzee. Nimedunduliza." Nikasikitika. Mtoto wa watu hajaimba hata ubeti mmoja, tayari kakosea.

Magwiji niliowajua mimi, na wale niliowasikia redioni tangu utotoni, hawakuanza hivyo, na wengi hawakumaliza hivyo. Kwa faida yake, na ya wenzake wanaonunua vyombo ovyo, nimeona niuweke mwongozo huu kwenye maandishi. Ukifuatwa vizuri unahakikisha jina kubwa na mfuko mwepesi, ambavyo katika muziki wetu wa dansi ni chanda na pete.

Kanuni mama ni kwamba chombo kiwe cha mtu mwingine. Mimi nilipiga rithimu miaka 11 katika bendi ambayo sitaitaja, na kwa miaka yote hiyo gitaa nililopiga halikulala kwangu hata usiku mmoja. Lililala kwa mwenye vyombo, kwenye chumba chenye feni. Mimi nililala Manzese bila feni. Huyu mwenye vyombo ndiye nguzo ya taaluma yetu, na kijana anayetaka ukubwa amtafute mapema kuliko anavyotafuta sauti.

Utamtambua saa tisa na nusu usiku. Ukumbi umebaki na mbwa wawili na mfagizi. Mwenye vyombo amekaa juu ya spika ya besi, kofia ameigeuza mapajani, anahesabu noti za mlangoni huku akilamba kidole gumba. Kimya. Mpiga drams hathubutu hata kujifuta jasho. "Leo watu hawakuja," anasema. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta wa jirani. Kisha anaanza kutoa: mafuta ya jenereta, gari la kubebea vyombo, walinzi wawili, kibali, nyuzi mbili za gitaa (hapo nilitazamwa mimi, maana nilizikata mimi), halafu bili ya rapa wetu, aliyeagiziwa bia nane na shabiki ambaye baadaye aliaga kuwa anakwenda msalani na hakurudi. Kilichobaki kinakunjwa mara nne na kutiwa kiganjani mwako, kama mtoto anavyopewa hela ya maandazi. "Vumilieni vijana wangu. Mwezi ujao tunakwenda mikoani."

Gwiji mtarajiwa hafungui kiganja mbele ya watu. Anasema "Ahsante mzee," anapanda gari la vyombo, analala juu ya tumba. Huko mikoani tulikwenda kweli. Tulirudi kwa treni, daraja la tatu, vyombo vikabaki Tabora kama dhamana ya deni la gesti.

Usidhani lazima mwenye vyombo awe mtu mwenye kitambi. Anaweza kuwa shirika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz, wanamuziki wakawa na mshahara wa mwezi kama makarani. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, mabasi ya UDA, hata shirika la bima. Nasema bila kejeli kwamba muziki uliotoka humo ulikuwa mtamu kupita kiasi, na mshahara wa tarehe 30 si kitu cha kudharau. Ila ulipoudhika ukaondoka, uliondoka na koo lako. Gitaa, spika na sare ulirudisha stoo ukatia saini.

Jina la bendi nalo lisiwe lako. NUTA ilipogeuka JUWATA, bendi ikageuka JUWATA. Chama kilipokuwa OTTU, bendi ikawa OTTU. Wanamuziki walikuwa wanalala na jina hili wakiamka na lile, bila mtu kuwauliza. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafirishaji; kampuni ilipodhoofika, mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mashabiki, ambao wana akili kuliko wanavyosifiwa, hawakujali herufi hizo. Wao walishika mtindo: Msondo wa NUTA ni Msondo, Sikinde ya Mlimani Park ni Sikinde. Ndugu wa tumbo moja waliweza kununiana wiki nzima kwa sababu hiyo. Tatizo dogo ni kwamba mtindo hauna hatimiliki, wala benki haiupokei kama dhamana.

Na kama jina la bendi si lako, hata la kwako mwenyewe unaweza kulitua. Yule mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880 aliitwa Mtumwa. Alikuwa akizungusha vyungu mjini akivitangaza kwa sauti, na sauti ikauza kuliko vyungu. Umaarufu ulipokuja, likaja nalo jina jipya, Siti binti Saad. Wakati huo taarabu ilikuwa kitu cha kasri, kinaimbwa Kiarabu, wenye kanzu safi wakisikiliza. Yeye akaileta kwa Kiswahili cha mitaa ya Ng'ambo, watu wakajikuta wanatajwa wao. Mwaka 1928 yeye na wenzake wakavushwa bahari hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, ile ya nembo ya mbwa anayesikiliza bomba la gramafoni. Kufikia 1931 santuri zilizouzwa zilikuwa zimepita 70,000. Nilipomsomea kijana, akanikatiza hapa: "Kwa hiyo alitajirika?" Nikamwambia asome Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, na atazame vizuri nani mwenye mbwa.

Hilo linatufikisha kwenye kurekodi. Siku hizi mtoto anarekodi chumbani kwa kompyuta, na wimbo ukivuja analalamika. Sisi wimbo ulivuja kwa utaratibu. Mlikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam asubuhi, macho mekundu kwa dansi la jana, maneno yamekwisha kupitiwa na wakubwa kuhakikisha hayamkeri mtu mwenye ofisi. Mkakaa mbele ya maiki, mkapiga wote kwa pamoja; mpiga tarumbeta akikosea, mnarudia tangu mwanzo, na kila mmoja anamkumbuka kwa jina la mamake. Redio ikaupiga. Nchi nzima ikaucheza. Kariakoo mtu mwenye redio kaseti mbili akaunasa na kuuza kanda, kaandika jalada kwa kalamu ya wino kwa hati nzuri kuliko yangu. Alikuwa na wateja, ana duka, ana mtoto shule ya kulipia. Nilinunua kwake kanda yenye rithimu yangu. Nilimwomba anipunguzie, akakataa.

Santuri zilitengenezwa Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, hata hiyo njia ikawa ya kuomba Mungu. Sheria mpya ya hakimiliki Tanzania ilikuja 1999, wengi wa waliotunga nyimbo bora za zama zile wakiwa wazee au marehemu. Mwongozo huu unaishukuru Serikali kwa kutoharakisha mambo.

Ukitaka kufaulu somo hili kwa alama za juu, tunga wimbo mzuri mno. Wimbo wa kawaida hauibiwi. Tazama "Malaika": Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya sitini, Miriam Makeba akauzungusha duniani, Boney M wakauimba, kila harusi ya kizungu yenye mgeni mmoja Mswahili lazima uimbwe. Na hadi Fadhili anafariki mwaka 2001, watu walikuwa bado wanagombana nani hasa aliutunga, kwa kuwa Adam Salim naye alidai ni wake. Wimbo wa mwanamume asiye na mali ya kuoa! Umewaoza maelfu.

Kuhama bendi ni sanaa inayojitegemea. Usihame kwa sababu ya ugomvi. Ugomvi uanzishe ili uhame. Mwalimu wa njia hii ni Muhidin Gurumo: Kilwa Jazz, NUTA, kisha Mlimani Park mwaka 1978, halafu 1985 akavuka kwenda Orchestra Safari Sound kuanzisha mtindo wa Ndekule, mwishowe akarudi Msondo kama mtu aliyekwenda dukani kununua chumvi. Kila alipopita paliimbika. Aliimba zaidi ya miaka 50. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, Diamond Platnumz, kijana wa muziki mwingine kabisa, akamzawadia gari. Gurumo akafariki Aprili 2014. Kwa hiyo, kijana, gari lipo. Uwe na subira na afya.

Nikiri kwamba kuna upande mmoja wa muziki wetu unaovuruga mwongozo wangu, nao ni taarabu ya mipasho, kwa sababu huko pesa inafika mkononi mwa mwimbaji ikiwa bado ya moto. Nilikaa meza ya nyuma kwenye onyesho moja Magomeni nikajifunza. Wimbo ulipofika kwenye fumbo, mama mmoja wa dera la njano akainuka, noti ya elfu kumi kaishika kwa ncha za vidole viwili, juu, kama anaanika. Hakwenda jukwaani. Alizunguka kwanza mpaka meza ya tatu kulia, akasimama mbele ya mwanamke mwenzake aliyekuwa anakunywa soda kwa mrija, akayumba kiuno polepole ubeti mzima, macho hayapepesi. Yule akaendelea kunywa, ila soda ilikuwa imekwisha. Mrija ulikuwa unalia tu. Ndipo wa njano akapanda akaibandika noti kwenye paji la mwimbaji. Dakika moja baadaye mwenye soda naye akafungua mkoba. Mwimbaji hana adui pale. Yeye ni tarishi, analipwa na pande zote mbili. Miaka ya tisini, vikundi vya TOT na Muungano viliposhindana, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, mji mzima ulikuwa unatumiana barua kwa njia hiyo. Mtu anayetaka kufa gwiji maskini ajiepushe na taarabu, au awe mpiga fidla.

Wa ngoma za asili wao shauri lao ni jepesi: wasibadilike, wasubiri. Bi Kidude alipiga ngoma ya unyago Unguja tangu siku ambazo hakuna aliyejua tarehe zake, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutojua, na mwaka 2005 wenye tuzo ya WOMEX wakamgundua kama mtu anavyogundua bahari. Hukwe Zawose alitoka Ugogo na zeze na ilimba, akafundisha Bagamoyo, akajaza kumbi za Ulaya. Nyumbani tuliuliza hiyo ilimba ndiyo nini.

Bongo Fleva siigusi sana, kwa kuwa hao wamegundua njia ya mkato. Sugu aliingia bungeni 2010, Profesa Jay 2015, Mwana FA 2020. Sisi tulipiga nyimbo za kusifu wabunge tukapewa posho ya nauli. Wao wakaona bora wachukue kiti. Kijana akapenda hapo, akauliza kama gitaa linaruhusiwa bungeni.

Kufa nako kuna taratibu. Wanamuziki wawili wakubwa wa Morogoro, Salum Abdallah mwaka 1965 na Mbaraka Mwinshehe huko Mombasa Januari 1979, waliondoka kwa ajali za gari, na sitii mzaha hapo. Ninachosema ni kinachofuata kwa kila mmoja wetu. Redio iliyokuwa haina nafasi ya wimbo wako inapata siku tatu mfululizo. Wanapatikana watu sita waliokugundua. Mwenye vyombo analia kuliko mjane.

Au unaweza kuwa kituo cha basi. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akaimba habari za maskini, na alipoimba kuhusu kondomu redio ikakataa kuupiga wimbo huo. Kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake mwaka 1989. Alifariki Desemba 2010, na Sinza pana pahali panaitwa kwa Remmy.

Juzi nilipita huko kwa daladala na yule kijana, gitaa lake kalipakata kama mgonjwa. "Kwa Remmy! Kwa Remmy wapo?" akaita konda, mtoto wa miaka 20 hivi. Kijana wangu akamuuliza, "Kaka, Remmy mwenyewe ndiye nani?"

"Kituo hicho," akajibu konda, akapiga bati. Kisha akalitazama gitaa. "Hilo la nani? Linakalia watu nafasi."

"Langu," akasema kijana, kifua mbele.

"Basi lilipie nauli."