Tuazime Kifungu cha 23

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Dodoma.

Mheshimiwa, salamu kutoka Nduruma, huku chini ya Mlima Meru, ambako maji ya mfereji hutufikia yakiwa yamekwisha kuchoka.

Tunaomba utuazime kifungu cha 23 cha Sheria ya Uraia ya 1995, kile kinachosema Waziri halazimiki kutoa sababu ya kukubali wala kukataa ombi, na kwamba uamuzi wake ni wa mwisho, mahakama isiuguse. Sisi bado tuko nyuma. Mtu wa juu akiziba maji usiku, wa chini humshtaki kwa mwenyekiti wa mfereji, wazee wakakaa, na aliyeziba akaulizwa mbele ya watu wote: kwa nini? Hebu fikiria, Mheshimiwa. Kwa nini! Tena hata haruhusiwi kuketi upande wa waamuzi.

Tukipata kifungu chako, shauri litakwisha kabla ya chai. Mahindi yangu yatakauka kwa mujibu wa sheria.

Si kwamba hatuoni mema. Mwaka 2014 wakimbizi wa Burundi waliokimbilia kwetu 1972, pamoja na watoto wao, zaidi ya 160,000, walipewa uraia. Ndiyo maana tunaitamani kalamu yako: inafungulia, inaziba, na haiulizwi.

Ila jihadhari na majirani zetu wa hapa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Bwana mmoja alikwenda polisi Babati mwaka 2012 kwa taratibu za ndoa, akanyang'anywa pasipoti. Mwaka 2014 akafukuziwa Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akabaki mpakani Sirari kwenye ardhi isiyo na mwenyewe. Machi 22, 2018 majaji wakasema amevuliwa uraia kiholela, wakaagiza sheria irekebishwe ili mtu kama yeye apate mahakama ya kumsikiliza. Wazee wetu wa mfereji kabisa, wale!

Bahati nzuri, Novemba 2019 Serikali ililiondoa tamko lililoturuhusu wananchi kuipeleka pale wenyewe. Jengo lipo, daladala zinapita.

Nakala ya kifungu mtumie mwenyekiti wa mfereji. Atakuuliza sababu, msamehe, hajasoma sheria.

Wako mtiifu,
Mkulima wa zamu ya usiku,
Nduruma.