Geti Jeusi, Nyumba ya Tatu

Simu ya intaneti ikigoma katika ofisi ya Temeke, mtuhumiwa wa kwanza ni mtandao, wa pili ni mvua. Anwani haishtakiwi, ingawa mara nyingi ndiyo yenye kesi. Tangu 1994 anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, hivyo 192.168.1.20 ipo Mwananyamala, ipo Mbagala, ipo Muscat, na hakuna ugomvi. Balaa huanza simu inapoitaja kwa mtu wa nje. Ni sawa na kumwelekeza mgeni aliyeko Mwanza kwamba nyumba ni ya tatu, geti jeusi. Sauti ya kurudi hupotelea njiani: mteja anamsikia karani vizuri kabisa, karani anaita "halo, halo" mpaka anaonekana mkorofi.

Fundi akiulizwa kwa nini hakuweka anwani ya kudumu, atajitetea kwamba ruta yenyewe hugawa anwani. Kweli, ila huzipangisha kwa muda, kama vyumba vya Tandika. Mtambo wa simu ukizimwa wikiendi nzima, Jumatatu chumba chake huenda kina printa, na simu zote zinabisha hodi kwa printa. Bosi naye atasema anwani ya kudumu ni ghali. Ya nje hulipiwa, sawa; ya ndani ni dakika chache za kuandika namba. Lakini tusimlaumu sana. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ilibandika namba mlangoni kwake, na bado anawaambia wateja washuke Rangi Tatu, waulizie muuza chipsi.